Wageni Wale Wale, Albamu Mbili

Jumapili ya tarehe 29 Agosti 2021, bila nakala za mapema kwa waandishi, albamu ya Kanye West iitwayo Donda iliingia mtandaoni. Siku tano baadaye, Ijumaa ya tarehe 3 Septemba, Drake akaachia Certified Lover Boy. Mashabiki waliigeuza wiki hiyo kuwa pambano la ngumi na kila mmoja akachagua kona yake. Wahakiki nao walitoa pointi, ila kwa namna yao. Katika tovuti ya Metacritic, inayokusanya alama za magazeti na majarida na kuzitafutia wastani, Donda ilipata 53 kwa 100, na Certified Lover Boy ikapata 60. Jarida la mtandaoni la Pitchfork liliipa ya kwanza 6.0 kwa 10, ya pili 6.6. Kwa marapa wawili walioushika muziki huu kwa zaidi ya muongo mmoja, hizo ni alama za kuponea chupuchupu.

Malalamiko yalifanana. Albamu ni ndefu mno, zimejaa watu, na mwenye jina kwenye jalada hana jipya la kusema. Yote hayo yana ukweli ndani yake. Lakini kuna jambo lililokuwa mbele ya macho ya kila mtu wiki ile na likapita bila kuchambuliwa vya kutosha: orodha za wageni. Jay-Z yumo katika albamu zote mbili. Lil Baby yumo kotekote. Lil Durk, Travis Scott, Young Thug, Kid Cudi na Ty Dolla Sign, vilevile. Wasanii saba, wote wakubwa, wamerekodi kwa wapinzani wawili na kazi zao zikatoka ndani ya juma moja. Ni mara chache muziki unampa mhakiki nafasi safi kiasi hiki ya kulinganisha: sauti ni ile ile, msimu ni ule ule, kilichobadilika ni mkono wa anayepanga.

Ukisikiliza kwa mpangilio huo, lawama ya kwamba mastaa wamezidi inaanza kulegea. Tatizo linaonekana mahali pengine, kwa mtu aliyepaswa kumwambia kila mgeni aingie wapi, aseme nini na atoke lini.

Mchukue Lil Baby. Ndani ya Hurricane, wimbo wa Donda, The Weeknd anashika kiitikio kwa sauti ya juu, kinanda na kwaya vikimtandikia chini, kisha Lil Baby anaingia na vesi ya kwanza kabla hata mwenye albamu hajafungua kinywa. Anachana kwa kasi yake ya kawaida, ile ya kumeza pumzi na kuunganisha mstari na mstari, na kasi hiyo ndiyo inayoupa wimbo miguu. Kiitikio kinaelea, Lil Baby anatembea. Bila yeye wimbo ungekuwa sala tu. Na Hurricane haikupikwa kwa siku moja, maana ilianza kusikika mwaka 2018, enzi za mradi wa Yandhi ambao haukutoka kamwe, ikabadilishwa na kubadilishwa tena kwa miaka mitatu.

Hamia kwa Drake. Katika Girls Want Girls, Lil Baby yule yule anaingia baada ya kiitikio ambamo Drake anatania kwamba yeye naye ni msagaji kama mwanamke anayemtongoza. Mzaha huo ulichekwa na kuzomewa kwa kiasi sawa. Lil Baby hana la kuongeza. Anachana vizuri, kama kawaida yake, juu ya biti inayokwenda mwendo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho, kuhusu mambo yale yale ambayo mwenyeji wake ameshayamaliza. Ukimtoa na kumweka rapa mwingine wa Atlanta, wimbo unabaki ulivyo. Hata hivyo, ulipanda hadi nafasi ya 2 katika chati ya Billboard Hot 100.

Lil Durk anaonyesha tofauti hiyo kwa uchungu zaidi. Mwezi Juni 2021 kaka yake aliuawa kwa risasi katika viunga vya Chicago, na Novemba ya mwaka uliotangulia alikuwa amempoteza King Von, rapa mwenzake na rafiki yake wa karibu. Kanye, ambaye albamu nzima ameibatiza jina la mama yake, Donda West, mwalimu wa chuo kikuu aliyefariki Novemba 2007, alimpa Durk nafasi ndani ya Jonah ili aomboleze. Vory anashika kiitikio, Durk anawataja wafu wake, na msiba wa mtu mmoja unakaa jirani na msiba wa mwingine bila kulazimishwa. Kwa Drake, ndani ya In the Bible, Durk huyo huyo amepewa mada ya mapenzi na wanawake. Ni wimbo mzuri kuusikiliza usiku ukiwa garini, na hakuna anayeukumbuka asubuhi.

Isije ikaonekana kwamba Kanye anashinda kila raundi. Travis Scott alitumiwa vizuri zaidi na Drake. Fair Trade imejengwa juu ya sampuli ya sauti ya Charlotte Day Wilson, mwimbaji wa Toronto. Drake anaimba nusu ya kwanza kwa utulivu wa mtu aliyechoka na marafiki, kisha Travis anapokezwa na kuupeleka wimbo kwenye kiza chake mwenyewe, sauti imetandazwa kwa mashine mpaka inakuwa moshi. Hapo mgeni anaubadilisha wimbo. Katika Praise God ya Kanye, Travis anafungua njia tu, na anayeondoka na wimbo ni kijana Baby Keem, anayechana kana kwamba kila mstari unamkwepa naye anaufukuza.

Kuhusu Jay-Z, ni suluhu. Vesi yake katika Jail, kwa maelezo ya fundi wake wa sauti Young Guru, ilirekodiwa siku ile ile Kanye alipoichezesha albamu kwa mara ya kwanza mbele ya umati Atlanta, na haraka hiyo inasikika. Kuna mistari ambayo Jay-Z wa kawaida angeitupa. Lakini wimbo hauna ngoma karibu mwanzo hadi mwisho, ni gitaa la umeme tu linalokwaruza, na sauti ya kaka mkubwa anayerudi baada ya miaka ya kununiana na kudokeza kwamba wawili hao wanaweza kuungana tena inafanya kazi ambayo maneno yenyewe hayakuifanya. Katika Love All, kwa Drake, Jay-Z anachana kwa ufundi zaidi. Kila silabi imekaa pake. Ila wimbo wenyewe ni malalamiko ya matajiri wawili kuhusu wasaliti, umepoa kama chai iliyosahauliwa mezani.

Sasa turudi kwenye swali la mkono wa anayepanga, maana hapa ndipo albamu hizi mbili zinapoachana.

Kanye alihariri albamu yake hadharani. Tarehe 22 Julai aliichezesha mbele ya umati katika uwanja wa Mercedes-Benz, Atlanta, kisha akahamia uwanjani humo humo. Alipewa chumba cha kulala, akafunga studio, akaendelea kurekodi. Tarehe 5 Agosti akarudia onyesho, nyimbo zikiwa zimebadilika. Tarehe 26 akaenda Soldier Field, Chicago, mji aliokulia, akajenga katikati ya uwanja nakala ya nyumba ya utotoni mwake. Kila mara watu walisikia albamu nyingine. Vesi zilihamishwa na wageni wakatolewa na kurudishwa. Soulja Boy alilalamika wazi kwamba vesi yake ya Remote Control ilikatwa bila kuambiwa. Kanuni moja tu ilionekana kushikwa kwa uthabiti, nayo ni kwamba matusi yote yamezibwa, ya mwenyeji na ya wageni, na ukisikiliza kwa visikilizi unasikia vitobo vidogo vya ukimya katikati ya mistari, ambavyo baada ya nyimbo chache vinakuwa sehemu ya mdundo.

Hata majina ya wageni hayakuandikwa pembeni ya majina ya nyimbo albamu ilipotoka. Msikilizaji alijikuta anaitambua sauti kabla ya kulijua jina. Drake alifanya kinyume chake, kila nyota ametajwa kwenye kichwa cha wimbo wake. Certified Lover Boy ni albamu ya kawaida iliyopangwa kikawaida, katika jalada la Damien Hirst lenye vikaragosi 12 vya wanawake wajawazito, jalada ambalo huenda lilijadiliwa kuliko nyimbo zenyewe.

Mbinu ya Kanye ilizaa vitu viwili kwa pamoja, kipaji na takataka. Upande wa kipaji kuna Off the Grid. Playboi Carti anafungua, kisha Fivio Foreign wa Brooklyn anashika biti ya drili na kuchana mfululizo kwa takriban dakika mbili bila kiitikio kumkatiza. Kabla ya hapo Fivio alijulikana zaidi kwa vibwagizo vyake, zile kelele fupi anazorusha nyuma ya mistari. Hapa anajenga hoja, anaongeza sauti hatua kwa hatua, anakiri makosa, anajisifu, anarudi kwenye imani. Wahakiki wengi, hata walioichana albamu vipande vipande, walisimama hapo na kumpigia makofi. Ni kazi adimu kwa mwenye albamu, kumpa mgeni asiye mkubwa sana nafasi ndefu kuliko aliyowapa mastaa.

Upande wa takataka, albamu ina nyimbo 27 na inachukua saa 1 na dakika 48. Nyimbo kadhaa zinarudi mwishoni zikiwa na namba 2, wageni wakiwa wamebadilishwa au kuongezwa. Jesus Lord ina dakika 9 na ni miongoni mwa kazi nzito za Kanye katika miaka ya karibuni. Toleo lake la pili linapita dakika 11 kwa sababu wamepandishwa The Lox, wakongwe wa Yonkers. Mtu angepaswa kuchagua. Hakuna aliyechagua, msikilizaji akaachiwa kazi hiyo.

Na kuna sababu ya kibiashara ya kutochagua. Kwa hesabu za Billboard za wakati huo, usikilizaji 1,250 wa wateja wanaolipia, au 3,750 wa wasiolipia, ulihesabiwa kama albamu 1 iliyouzwa. Nyimbo zikiwa nyingi, hesabu inakua. Mgeni naye huja na mashabiki wake. Kila jina kwenye orodha ni kundi la watu watakaobonyeza angalau wimbo mmoja. Kwa hesabu hizo Drake alimzidi mwenzake mbali. Certified Lover Boy ilifungua kwa albamu 613,000 nchini Marekani, na nyimbo zake zilisikilizwa zaidi ya mara milioni 740 ndani ya wiki ya kwanza. Donda ilifungua kwa 309,000. Nyimbo zote 21 za Drake ziliingia katika Hot 100, tisa kati yake zikakaa ndani ya kumi bora, na zote tano za juu zikawa zake, jambo ambalo lilikuwa limefanywa na The Beatles pekee, Aprili 1964. Albamu iliyopewa 60 kwa 100 na wahakiki ilifikia rekodi ya miaka 57. Mabosi wa lebo hawakupoteza usingizi.

Juu kabisa ya chati hiyo ilikaa Way 2 Sexy, Drake akiwa na Future na Young Thug, biti imeazima wimbo wa zamani wa kundi la Kiingereza la Right Said Fred. Wengi waliuita upuuzi. Ni upuuzi kweli, lakini ni mojawapo ya sehemu chache katika dakika 86 ambapo mwenye albamu anaonekana kufurahia kazi yake, na waliomfurahisha ni wageni. Tems, mwimbaji wa Lagos ambaye wakati huo dunia ilikuwa ndiyo kwanza inamjua kupitia Essence ya Wizkid, anafanya kitu cha aina hiyo ndani ya Fountains. Anaimba chini, pole pole, na Drake analazimika kupunguza maneno. Laiti angelazimishwa hivyo mara tano zaidi.

Waswahili husema manahodha wengi chombo huenda mrama, na wahakiki kadhaa waliridhika na maelezo hayo. Yasingetosha hata kidogo kwa mtu anayekumbuka Novemba 2010. Tarehe 22 ya mwezi huo Kanye huyu huyu alitoa My Beautiful Dark Twisted Fantasy, albamu yenye mastaa wengi kupindukia, na Pitchfork ikaipa 10.0. Metacritic inaonyesha wastani wa 94. Ndani ya wimbo mmoja, All of the Lights, mna Rihanna, Kid Cudi, Alicia Keys, Fergie, John Legend, Charlie Wilson na Elton John kwenye piano, pamoja na wengine. Drake mwenyewe yumo. Mtu anaweza kuuimba wimbo huo miaka kumi bila kuitambua sauti yake, kwa sababu imewekwa pale kama tofali ndani ya ukuta. Wimbo wa Monster unampa Nicki Minaj, ambaye wimbo ulipokuwa ukirekodiwa hakuwa ametoa hata albamu yake ya kwanza, nafasi ya kuwapiku Jay-Z, Rick Ross na mwenye nyumba. Rick Ross, kwa upande wake, amepewa mistari michache mwanzoni ya kufungua mlango, na anafungua.

Albamu ile ilitengenezwa kwa sehemu kubwa katika studio moja mjini Honolulu, Hawaii. Wasanii walisafirishwa hadi huko na kukaa pamoja, na ukutani kulibandikwa kanuni: hakuna kutwiti, kompyuta zizimwe sauti, hakuna kumwambia mtu wa nje chochote. Ikatoka na nyimbo 13. Tofauti kati ya 2010 na 2021 haimo katika ukubwa wa majina. Mwaka 2010 mlango ulifungwa mpaka kazi iishe. Mwaka 2021 mlango ulikuwa uwanja wa mpira, na kazi haikutangazwa kuwa imeisha. Kanye alidai kwamba kampuni ya Universal iliitoa Donda bila idhini yake. Iwe ni kweli au la, albamu inasikika kama kitu kilichochukuliwa mikononi mwa mtu kabla hajakiweka chini.

Lakini haki itendeke pia upande wa pili. Wahakiki nao walikuwa na makosa yao.

La kwanza ni kasi. Albamu ya saa karibu mbili ilitoka Jumapili asubuhi, siku ambayo muziki hautoki kwa kawaida, na hukumu zikaanza kuchapishwa ndani ya siku moja au mbili. Kabla hazijakauka ikaja ya Drake, dakika nyingine 86. Hakuna sikio linaloweza kupima nyimbo 48 kwa muda huo. Ndiyo maana hakiki nyingi za wiki ile zilijaa habari za viwanja, ugomvi na majalada, na zikawa na machache kuhusu ngoma, gitaa, pumzi na mpangilio wa mistari. Mambo ya nje huandikika haraka.

La pili ni gumu zaidi. Gazeti la The Independent la Uingereza liliipa Donda nyota sifuri, na sababu kuu ilikuwa mgeni mmoja, Marilyn Manson, aliyekuwa akikabiliwa na tuhuma za unyanyasaji wa kingono kutoka kwa wanawake kadhaa, tuhuma anazozikana. Kanye alimsimamisha kibarazani mwa ile nyumba ya Soldier Field akiwa na DaBaby, ambaye mwezi mmoja nyuma alikuwa ametoa maneno ya kuwadhalilisha mashoga na watu wenye VVU jukwaani Miami. Wote wawili wamo ndani ya Jail pt 2, mahali pa Jay-Z. Hasira ya gazeti ilikuwa na msingi. Kuwaita watu hao wiki hiyo, katika albamu ya kumuenzi mama, ulikuwa uchokozi wa makusudi, na msanii anayefanya uchokozi asishangae akijibiwa.

Hata hivyo sifuri inamwambia msomaji kwamba Hurricane, Off the Grid, Jonah na Come to Life hazikuwahi kuimbwa. Mhakiki anaweza kuiita hatua hiyo aibu, akaeleza kwa nini, kisha akarudi kuupima muziki. Kwa kuchanganya vitu hivyo viwili ndani ya namba moja, vyote viwili vinapotea. Zaidi ya hayo kipimo hicho hakikutumika kwa usawa. Albamu ya Drake nayo ilimtaja R. Kelly miongoni mwa watunzi wa wimbo TSU, wakati R. Kelly akiwa kizimbani Brooklyn, kesi iliyomtia hatiani tarehe 27 mwezi huo huo. Prodyuza wa Drake, Noah Shebib, alieleza kwamba walitumia kipande cha maneno ya DJ mmoja, na wimbo wa R. Kelly ulisikika kwa mbali nyuma yake, hivyo sheria ikadai jina lake liandikwe. Maelezo hayo yanaingia akilini. Jambo lenyewe liliandikwa siku mbili tatu, likapita.

Kuna jambo jingine ambalo wahakiki wa wiki ya kwanza hawakuweza kulijua. Vesi bora ya mgeni katika kipindi chote kile haikuwemo katika albamu yoyote. Tarehe 4 Septemba, siku moja baada ya albamu yake kutoka, Drake aliuchezesha redioni wimbo wa Kanye uitwao Life of the Party, ambao Kanye alikuwa ameuacha nje na ndani yake anamshambulia Drake. Alikusudia kumuumbua. Alichofanya ni kuwapa watu André 3000, nusu ya Outkast, msanii anayechana mara moja kwa mwaka akijisikia, akizungumza na marehemu Donda West na kumwomba awatafute wazazi wake huko aliko. Hakuna mbwembwe. Sauti haipandi. André alitoa taarifa kueleza kusikitishwa kwake kwamba kazi ya maombolezo imeingizwa kwenye ugomvi, akaongeza kwamba angependa kuwemo pia katika albamu ya Drake. Wimbo huo uliingizwa rasmi mwezi Novemba, Donda ilipotolewa upya ikiwa na nyimbo 32. Yaani mtu alipopata nafasi ya kuisahihisha albamu iliyolaumiwa kwa urefu, akaongeza tano. Moja kati ya hizo tano ilikuwa ndiyo moyo wa albamu nzima.

Ugomvi wenyewe uliisha kwa mapatano. Tarehe 9 Desemba 2021 wawili hao walipanda jukwaa moja katika uwanja wa Coliseum, Los Angeles. Tuzo za Grammy zilipofika Aprili 2022, Hurricane ilishinda kama wimbo bora wa rapu ya kuimba, na Jail ikashinda kama utunzi bora wa rapu. Nyimbo zote mbili ni za wageni kama zilivyo za Kanye. Drake alikuwa ameshaondoa jina lake katika vipengele alivyoteuliwa. Albamu bora ya rapu haikwenda kwa yeyote kati yao. Ilikwenda kwa Tyler, The Creator na Call Me If You Get Lost, iliyotoka Juni 2021.

Na albamu hiyo ina wageni tele. Lil Wayne yumo, naye yumo pia kwa Drake. Ty Dolla Sign yumo, kwa hiyo ni mtu aliyefanya kazi katika albamu zote tatu mwaka huo. Pharrell yumo, Lil Uzi Vert yumo. Tyler aliwaunganisha kwa uzi mmoja. Alimwita DJ Drama apige kelele katikati ya nyimbo kama alivyokuwa akifanya kwenye kanda mseto za Gangsta Grillz, ili kila mgeni aonekane anapita katika kipindi kimoja cha redio chenye mtangazaji mmoja. Nyimbo 16, dakika 52. Ndani ya Wusyaname, Ty Dolla Sign anaimba nyuma ya YoungBoy, rapa wa mitaani ambaye hakuna aliyetarajia kumsikia akiwa mpole hivyo juu ya sampuli laini ya miaka ya 90. Wahakiki waliipa wastani wa 88. Waliosema mastaa wengi huua albamu hawakurudi kueleza hilo.

Msikilizaji wa Dar es Salaam au Mombasa anaijua hadithi hii kwa majina mengine. Rick Ross, aliyefungua mlango wa Monster na kuketi na Lil Wayne katika albamu ya Drake, aliwahi pia kuja kwa Diamond Platnumz katika Waka, ndani ya A Boy from Tandale ya mwaka 2018, pamoja na Ne-Yo na Omarion katika nyimbo nyingine. Kolabo hizo zilifungua milango, na Diamond alijua anachokinunua. Lakini vesi ya Ross pale ni muhuri wa ofisi. Ukiitoa, wimbo unaendelea. Ilinganishe na Juma Nature katika Zali la Mentali ya Profesa Jay, ambapo mgeni na mwenyeji wanagawana hadithi moja, na kumtoa Nature ni kuuvunja wimbo. Hakuna aliyehitaji tiketi ya ndege kwa kazi hiyo, wote walikuwa mji mmoja.

Miaka iliyofuata iliharibu zaidi jina la Donda. Mwishoni mwa 2022 Kanye alitoa matamshi ya chuki dhidi ya Wayahudi, kampuni zikavunja mikataba naye, na watu wengi wakaacha kumsikiliza. Ni haki yao. Kwa anayeendelea kuipima kazi ya 2021 kama kazi, safu hii inaona Pitchfork ilikuwa karibu na ukweli kuhusu Donda kwa nyimbo 27, na albamu hiyo hiyo ikikatwa hadi 15, Life of the Party ikiwemo, inastahili 8. Certified Lover Boy haiokolewi na mkasi wowote. Ikipunguzwa inakuwa fupi tu, kwa sababu wageni wake wengi hawakupewa kazi ya kufanya, na zile 6.6 zilikuwa ukarimu. Asiyekubali asikilize Hurricane kisha Girls Want Girls, Jonah kisha In the Bible, halafu amalizie na Fair Trade ili asiondoke akidhani kesi ni ya upande mmoja. Kwa Life of the Party atafute toleo la Novemba. Lile la Agosti halina.